Kipande Chako Kilichobaki Maabara

Mama yangu,

Hela ya mashine imetoka. Najua hapo ulipo hela haina kazi, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukiniuliza kila nikipiga simu, "Hao wafadhili wenu wameshatoa?" nami najibu bado, mama, bado, mpaka ikafika siku hukuweza tena kushika simu. Basi wametoa. Nakuandikia kukupa habari hiyo pamoja na nyingine, ambayo ilipaswa kukufikia ungali hai, na mimi ndiye niliyeizuia. Univumilie. Naandika roho imenichafuka, na mtu aliyechafukwa na roho hapangi maneno vizuri.

Ulikuwa unachambua mchele uani kwako Mtawanya, huko Kibiti, siku niliyokueleza kazi yetu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimetoka Dar na maneno yangu makubwa ya maabara. Nikakuambia tunatafuta wafadhili watupe hela ya mashine mpya, mashine inayotazama nyama ya mtu ikiwa bado hai na kuchora ramani yake: molekuli gani iko wapi na inafanya nini, saa hiyohiyo, si baada ya wiki tatu za kusubiri majibu. Ukaniuliza molekuli ni mdudu gani. Nikasema ni vitu vidogo sana vinavyofanya kazi ndani ya mwili, jicho halivioni wala haliwezi kuviona. Hukuelewa. Nikajaribu tena: ni kama wewe ukae hapahapa uani na ujue kila nyumba ya Mtawanya inapika nini sasa hivi, kwa kunusa moshi tu, bila kuingia jikoni kwa mtu na bila kuuliza.

"Sasa huo si umbea?" ukasema, ukacheka peke yako mpaka mchele ukamwagika.

Nimetaka nikumbuke kicheko hicho kwanza, kwa sababu yanayofuata hayachekeshi. Na nimetaka ujue kwamba mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Ni kitu kizuri. Watu waliokaa miaka wakaiwaza walifanya kazi ya maana. Kinachonitia kinyaa ni sisi tulioizunguka, na katika hao sisi, mimi wa kwanza.

Lazima nianze na kidole cha baba. Nilikuwa darasa la nne. Baba alikuwa amepeleka mpunga wa shamba letu la Mkongo kukoboa Ikwiriri, mkanda wa mashine ukamnyaka mkono na kuondoka na kidole cha shahada, cha kulia. Wakamkimbiza zahanati. Wewe hukwenda naye, na mimi nilikushangaa. Ulikaa juu ya gunia la watu mbele ya mashine, ukakataa isiwashwe. Foleni ndefu, watu na magunia yao, jua linachoma, mwenye mashine anakubembeleza, "Mama, mumeo yuko zahanati, mfuate huko." Ukamjibu, "Huko yupo na humu yumo." Ukaazima ungo kwa muuza vitumbua, ukaanza kupepeta pumba, ungo baada ya ungo, mimi nimekushikia kanga kukinga upepo. Wengine walisonya wakahamia mashine nyingine. Mmoja alitema mate karibu na miguu yako. Adhuhuri ilikuwa imepita ulipokipata, na hukupiga kelele wala kulia. Ulikifuta kwa upindo wa kanga, ukanituma dukani nikanunue kipande cha bafta, na kabla ya magharibi kilikuwa kimezikwa kwenye makaburi ya ukoo nyuma ya mikorosho. Shehe alisema hakiswaliwi, kinasitiriwa tu. Baba alipofariki miaka mingi baadaye mkamlaza hatua tatu kutoka hapo.

Nilikuonea aibu siku ile, nakiri. Wali sikuutaka kwa muda mrefu. Njiani nilikuuliza kwa nini tusingekiacha tu, si uchafu ule, na wewe ukanivuta sikio palepale barabarani.

"Si uchafu ule," ukasema. "Ni baba yako."

Halafu zamu ikawa yako. Uvimbe uliuficha chini ya kanga msimu mzima, ukisema korosho hazijiokoti zenyewe. Ulipokuja kunionyesha, ngozi ilikuwa imeshavutwa ndani. Nikakuleta Dar, hospitali, vipimo, foleni, na daktari wa upasuaji akasema titi la kushoto litaondolewa lote. Wiki hizohizo maabara yetu ilikuwa imeazimwa ile mashine kwa majaribio. Maombi yetu ya kwanza ya hela yalikuwa yamekataliwa. Wafadhili walisema hatuna hata ramani moja ya nyama hai iliyotoka kwa mgonjwa wa hapa nchini. Bosi wangu, daktari anayeongoza mradi, aliposikia mama yangu anapasuliwa aliniambia, "Pole sana," kisha bila hata kumeza mate akauliza ni saa ngapi utaingizwa chumba cha upasuaji. Kipande kinatakiwa kifike kwenye mashine dakika chache baada ya kukatwa, kabla hakijafa. Alisema hivyo, "kabla hakijafa," na mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya kawaida.

Unakumbuka lile benchi la korido? Ulikuwa umesahau miwani Kibiti. Mimi ndiye niliyekuletea fomu, nimevaa koti langu jeupe, na wewe uliniangalia kwa fahari, ukamwambia mama uliyekaa naye, "Huyu binti yangu, anafanya kazi hapa." Ukaniuliza karatasi inasema nini.

"Wanaomba kipande kidogo, mama. Cha utafiti."

"Halafu?"

"Halafu wanakipiga picha kwenye ile mashine niliyokuambia."

"Halafu wananirudishia, kikazikwe na titi lenyewe."

Hukuuliza. Ulisema tu, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana. Chini ya karatasi palikuwa na visanduku viwili: mabaki yateketezwe, au mabaki yahifadhiwe kwa utafiti wa baadaye. Kisanduku cha kurudishiwa hakikuwepo. Nilichotakiwa kufanya ni kunyanyuka, kutembea hatua arobaini mpaka ofisi ya bosi, na kusema: mama yangu anataka chake kirudi. Hatua arobaini tu. Nikajiona nikisimama mbele ya wale wenzangu waliosoma ng'ambo, nikieleza habari ya kuzika kipande cha nyama, nikaona wanavyoangaliana. Haya zikanishika. Nikakwambia, "Sawa, mama," nikaweka alama kwenye kisanduku cha pili, nikakupa kalamu, ukasaini jina lako lote, polepole, herufi kubwakubwa.

Siku ya upasuaji muuguzi alinikabidhi ndoo nyeupe yenye mfuniko, titi lako ndani. Mama mdogo Siwema, mdogo wako, alikuwa ameshafika na bafta yake kuichukua kwenda kuzika Mtawanya. Wewe ulikuwa kitandani, midomo imekauka. Kabla hajatoka uliinua kichwa, ukaniangalia mimi, hukumwangalia yeye.

"Limetimia?"

"Limetimia, mama."

Kipande chenye ukubwa wa punje ya karanga kilikuwa kwenye mashine muda huohuo, jengo la pili kutoka hapo ulipolala. Mdogo wako akapanda gari na ndoo mapajani akijua amebeba kitu kizima. Mimi nikakimbia maabara. Na nikuambie ukweli, nilifurahi. Ramani ilikuwa inajichora kwenye kioo, nyekundu hapa, kijani pale, buluu katikati, na mpaka kati ya ugonjwa na uzima ulionekana wazi, kabisa kabisa. Watu walipiga makofi. Nilipiga na mimi.

Majibu ya kawaida yalikuja baada ya wiki tatu, yakasema kingo zina ugonjwa, yaani daktari hakufika mwisho wake. Hakukosea. Alikuwa na macho na vidole tu. Mashine ile ingekuwa ndani ya chumba chake asubuhi ile, badala ya kuwa kwetu ikitafutiwa hela, angeona pa kuendelea kukata. Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kuichukia.

Hukumaliza mwaka. Mama mdogo ndiye aliyekuosha, na mimi nilikuwa namiminia maji. Alipofika kwenye kovu alipitisha kiganja taratibu, akasema, "Afadhali lile lilitangulia zima." Nilikuwa nimeshika jagi. Nikaendelea kumimina.

Sasa nije kwenye kinyaa chenyewe. Tuliomba hela mara ya pili, na safari hii tulikuwa na ramani yako. Bosi akanigawia kipengele cha changamoto za jamii. Wafadhili wanapenda changamoto za jamii, mama, wanazipenda kuliko sukari. Akaniambia, "Wewe ni wa huko Rufiji, andika kitu chenye damu." Nikakaa, nikaandika kwamba baadhi ya jamii za pwani zina imani za kuzika viungo vilivyokatwa, na kwamba imani hizo ni kikwazo kwa upatikanaji wa sampuli. Nikatoa na mfano: mwanamke mmoja aliyesimamisha mashine ya kukoboa nusu siku akitafuta kidole. Nilikuandika "mwanamke mmoja." Nilikuweka wewe, ungo wako, kanga yako, upendo wako kwa baba, nikakuita kikwazo, ili watu wasionijua waone jinsi ninavyoijua jamii. Wakaona kweli. Maoni yalirudi yanasifia kipengele kile kuliko vyote. Bosi alinipigapiga bega.

Mtu mwingine angenifanyia hivyo ningemshika koo.

Hela zilipotoka tukafanyiwa sherehe hotelini. Picha yako ilikuwa ukutani, kubwa kuliko mlango, imemulikwa taa. Chini yake walipanga meza ya sambusa na mishkaki. Nimewaona watu wazima, na vyeo vyao, wakitafuna mishkaki huku wameinua shingo kutazama saratani ya mama yangu, wakisema inapendeza. Neno hilohilo, inapendeza, kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, na mafuta kidevuni. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Kwenye karatasi ulikuwa namba, na namba haina mama wala mtoto. Dada mmoja anayeshughulikia matangazo ya mradi akapiga kelele, "Jamani, hii si kitenge kabisa!" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi pia, mama. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimesimama kati ya bosi na mgeni wake, na mdomo ulijifungua wenyewe.

Nilidhani ni utani. Lakini unawajua watu wetu: hakuna jambo lisiloshonewa sare. Harusi sare, kampeni sare, siku ya wanawake sare. Ikaamuliwa uzinduzi wa mradi ufanyike Kibiti, kwa kuwa huko ndiko "jamii lengwa" iliko, na jamii lengwa lazima ivae. Wiki moja kabla, nikaona marobota yanashushwa uani kwa maabara. Nikachana karatasi ya robota moja. Rangi nilizijua kabla hata ya kukunjua: ule wekundu, ule ukijani, ule mpaka. Walikuwa wameirudia picha ile mara nyingi, safu kwa safu, na pembeni wameweka maandishi ya kuhimiza afya. Nililikunja robota nikalifunga upya. Nikaenda kuosha mikono, nikaosha tena.

Siku ya uzinduzi walitandaza maturubai, spika zikalia tangu saa mbili. Wanawake waliletwa kutoka Mtawanya na Mkongo, gari moja likatoka mbali, Mloka, wakaambiwa wapange mstari wapewe vitenge. Ungeona wanavyosukumana. Siwalaumu, kitenge cha bure ni kitenge. Baada ya muda uwanja mzima ulikuwa umevaa titi lako. Wengine kiunoni, wengine kichwani, mmoja amembebea mtoto mgongoni. Mgeni rasmi alihutubia juu ya sayansi kuwafikia wananchi, na wananchi wakapiga vigelegele, na kila wakiinua mikono picha ile inainuka nao.

Mama mdogo Siwema alinitafuta katikati ya watu. Alikuwa amejifunga chake kifuani, juu ya gauni, amekikaza vizuri kwapani, anang'aa kwa furaha. Uliwahi kusema huyu mdogo wako hajawahi kuvaa kitu kikamkataa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazame." Akazunguka. "Kimenikaa? Rangi zake nimezipenda, sijapata kuona maua ya namna hii. Maua gani haya?"

Nilikwenda nyuma ya turubai nikatapika. Nikatapika chai, nikatapika maji, nikabaki natapika upepo. Alinifuata, akanishika kiuno, akanifuta mdomo kwa ncha ya kitenge kilekile, na nilipotaka kuisukuma akaninong'oneza huku anatabasamu.

"Umeshika, eh? Miezi mingapi? Dada angekuwepo, jamani, angefurahi huyo!"

Nikasema ni jua. Akanikonyeza. Mpaka jioni nusu ya Mtawanya walikuwa wanaamini nina mimba, na wawili walikuja kunipa hongera.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa mlangoni kwa bosi kabla hajafungua. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa tayari kuacha kazi, kwenda kwa wanasheria, kulia mbele ya watu, chochote. Nikamwambia nataka kipande cha mama yangu kilichobaki kwenye jokofu, na nikasubiri akatae.

Hakuinua hata macho kutoka kwenye kompyuta. "Kile cha kwanza kabisa? Bado kipo?" Akampigia simu msimamizi wa majokofu. "Kipo. Chukua tu, saini kwenye daftari. Nafasi yenyewe imekwisha, hivi karibuni tungeyateketeza mabaki yote ya zamani."

Nikamwuliza kama ningekiomba siku ileile ya upasuaji, baada ya kupigwa picha, ingekuwaje.

"Ningekupa." Sasa aliniangalia. "Shida yetu ilikuwa picha. Kwani ulimwomba nani akakukatalia?"

Kwa muda wote huo nilikuwa nimejenga kichwani mwangu mlango wa chuma, na walinzi, na wazungu wenye roho mbaya nyuma yake, nikawachukia kwa moyo wote. Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyekunyima kipande chako, mama, ila binti yako. Hata hao waliokula mishkaki chini ya picha, na dada wa vitenge, ni wajinga tu, hawakujua. Mimi nilijua jina lako.

Nikamwomba jambo moja zaidi, kwamba fomu iongezwe kisanduku cha tatu: mabaki yarudishwe kwa ndugu. Akasema hakuna ubaya, andika. Ilinichukua dakika tano kukiandika. Mashine ikifika mimi ndiye nitakayeiendesha, na nitamsomea kila mgonjwa karatasi yote kwa sauti, awe na miwani au asiwe nayo. Usinisifu kwa hilo.

Nikakiweka kichupa chenye kipande chako kwenye kisanduku cha barafu, nikapanda basi la Kibiti. Kondakta alipoona kile kisanduku magotini akanichokoza, "Dada, kamba wanatoka Rufiji kuja Dar, wewe unawarudisha?" Abiria wakacheka. Nikamwambia ndiyo, narudisha. Akataka kukipandisha kwenye keria. Nikakataa kwa ukali ulionishtua hata mimi mwenyewe, akaniacha.

Mama mdogo nilimkuta uani kwako, ambako sasa anaishi yeye, amekaa palepale ulipokuwa ukichambulia mchele, amevaa kitenge chake. Alianza kuniuliza kama ninakula vizuri, kwa ajili ya mtoto. Nikamwambia hakuna mtoto. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamweleza kila kitu kwa mpangilio: fomu, kisanduku, ndoo aliyoibeba mapajani, maandishi yangu kwa wafadhili, picha. Nilipotaja rangi za picha, akajitazama kifuani. Akaniangalia. Nikainamisha kichwa, na kichwa kile kikawa ndilo jibu.

Alikifungua kitenge polepole, akakitandika kwenye mkeka, upande wa nyuma juu. Alikuwa na kanga chini yake. Hakulia wala hakunitukana, na ningeomba anitukane. Aliingia ndani, akatoka na kipande cha bafta na jembe. Halikuwa jeneza kusema wanaume waitwe. Tukaenda nyuma ya mikorosho, yeye mbele, na njia nzima hakugeuka kuangalia kama nafuata.

Alichimba mwenyewe, ubavuni kwako, upande wa kushoto. Nikafungua kichupa. Barafu ilikuwa imeyeyuka njiani. Nikamimina kilichomo kwenye bafta aliyoitandaza kiganjani. Alisogeza kiganja karibu na macho, akakigeuza kwenye mwanga, akaniuliza kiko wapi. Nikamwonyesha kwa ncha ya ukucha. Ile punje ya karanga walikuwa wameikatakata kwa majaribio mbalimbali, na kilichobaki kilikuwa kama chenga moja ya mchele.

"Hiki?"

"Hicho, mama mdogo."

"Basi?"

"Basi."

Akakunja bafta mara mbili, akapiga magoti, akakiweka ndani.

"Kwa hiki tu," akasema, bado ameinama, "ulimdanganya dada yangu mpaka anaingia kaburini?"

Nilinyoosha mkono nisaidie kufukia. Akausukuma. Alifukia donge kwa donge mpaka mwisho, hakuniachia hata moja, akachukua jembe lake na kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo simu yangu hapokei.

Sikumjibu pale, kwa hiyo nakujibu wewe uliyedhulumiwa: ndiyo, mama, kwa hicho tu. Ungeomba dhahabu yangu ningekupa. Uliomba hatua arobaini, nami nikaona haya mbele ya watu ambao hata hawakuwa wakiniangalia.

Pumzika sasa, mama yangu. Msamaha wa barua si msamaha, na siuombi hapa. Nitauomba nikiwa nimekaa ubavuni kwako, siku ambayo mdogo wako atanifungulia nipite uani kwake.

Ni mimi, kifungua mimba wako.